Kutoka kambi ya jeshi ya Ngerengere hadi Bukoba: rubani wa jeshi anapoingia kwenye ndege za abiria

Abiria wa Muleba anayekwenda Dar es Salaam ana njia mbili. Apande gari hadi Bukoba, kama kilomita 70, akapande ndege. Au ashuke kwa barabara ya Biharamulo na Geita, ambako tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kusubiri kivuko. Safari ya ndege ikiahirishwa mara mbili tatu, abiria huyo basi limeshampata. Mashirika ya ndege yakitaka kumbakiza, yanahitaji ndege, na zaidi yanahitaji marubani wanaoumudu uwanja wa Bukoba.

Uwanja huo hauchukui kila ndege. Njia ya kurukia ni fupi, kama kilomita moja na nusu, na ziwa liko palepale. Airbus za Air Tanzania (ATCL) zinaishia Mwanza. Zinazofika Bukoba ni pangaboi: Q400 ya ATCL yenye viti 76, na ATR za Precision Air.

Q400 asili yake ni kiwanda cha De Havilland cha Kanada, na jeshi letu linakifahamu kiwanda hicho tangu zamani. Kanada ndiyo iliyosaidia kuanzisha kikosi cha anga cha Tanzania katikati ya miaka ya 1960, ikafundisha marubani na kuleta ndege za mizigo za Caribou. Baadaye ikaja Buffalo. Zote mbili ziliundwa kwa ajili ya viwanja vifupi na vibovu. Rubani aliyekomaa katika ndege za namna hiyo hawezi kuitwa mwanafunzi Bukoba. Kwa maoni yangu, huyu ndiye mtu ambaye sekta ya anga nchini ingemtafuta kwanza.

Hata hivyo, cheo cha jeshini si leseni. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, inataka mitihani ya nadharia, cheti cha afya cha daraja la kwanza na majaribio angani mbele ya mkaguzi. Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya juu ya urubani inahitaji saa 1,500 za kuruka, zikiwamo 100 za usiku na 75 za kutegemea vyombo.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Rubani wa ndege ya kivita huruka safari fupi, mara nyingi peke yake, na miaka kumi kazini inaweza kumpa saa chache kuliko kijana wa ndege za watalii. Hata uandishi wa saa unatofautiana. Usafiri wa kiraia huhesabu tangu ndege inapoanza kusogea hadi inaposimama kabisa, lakini majeshi mengi huhesabu muda wa angani tu. Marekani imelegeza sharti la saa 1,500: rubani wa jeshi anaruhusiwa kuanza kama rubani msaidizi wa shirika akiwa na saa 750.

Kisha kuna mafunzo ya aina ya ndege, yanayofanyika zaidi kwenye simuleta nje ya nchi kwa makumi ya maelfu ya dola. Hakuna mshahara wa ofisa unaobeba gharama hiyo. Shirika likimlipia, lina haki ya kumfunga kwa mkataba wa miaka kadhaa.

Kigumu kuliko vyote ni tabia ya kazi. Jeshini amri ni kutimiza jukumu. Kwenye ndege ya abiria, kapteni akikaribia Bukoba huku mvua ya asubuhi imefunika ziwa, rubani msaidizi aliye mdogo kwake kwa miaka 20 anapaswa kusema kwa sauti, "Hatuoni njia, tupande." Kapteni anapandisha ndege papo hapo bila kubishana, na wakirudi Mwanza hakuna wa kuwalaumu. Kagera haihitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. Novemba 6, 2022 ATR ya Precision Air ilianguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, na watu 19 kati ya 43 wakapoteza maisha, wakiwamo marubani wote wawili. Ndiyo maana somo la kufanya kazi wawili wawili lisifupishwe hata kwa mkongwe wa jeshi.

Umri unaruhusu. Katika ndege ya marubani wawili, mtu anaweza kuruka hadi miaka 65, ingawa akivuka 60 hupimwa afya kila miezi sita. Ofisa anayestaafu akiwa na miaka 50 ana miaka 15 ya kuwabeba watu wa Bukoba na Muleba.

Jeshi lina hofu ya haki ya kupoteza watu lililowagharamia. Basi Jeshi la Wananchi (JWTZ), TCAA na ATCL wakae meza moja: wakubaliane miaka ambayo rubani atalitumikia jeshi kwanza, saa zake zihakikiwe mapema akiwa bado kazini, na mitihani aifanye kabla hajavua sare. Akitoka, aanzie kwenye pangaboi.