Mbio za kompyuta nazo zina haki za watu

Wako wanaodhani mbio za magari za mtandaoni ni kukanyaga mafuta tu. Chukua uwanja wa Indianapolis, Marekani: mzunguko wa kilomita 4, kona nne, zote za kushoto. Gari ni mfano wa ile Lotus aliyoshindia Jim Clark mwaka 1965: magurudumu yako wazi, injini iko nyuma ya dereva, na halina mabawa ya kuligandamiza chini.

Siri yake ni upepo. Gari la mbele hupasua hewa, la nyuma likapata njia nyepesi na kuongeza kasi. Lakini kwenye kona linashikiliwa na tairi zake tu. Ukiingia kwa pupa, mkia unachomoka. Tairi ikigusa tairi ya mwenzio, gari hurushwa, na wanaofuata hawana pa kukwepea.

Chuma hakikuvunjika, kweli. Lakini mtu aliyejizoeza wiki nzima, mbio zake zimekwisha kwa haraka yako. Hiyo nayo ni haki ya mtu.

Basi punguza mafuta kabla ya kona, toka nayo vizuri, kisha umpite kwenye njia iliyonyooka. Mstahamilivu hula mbivu.