Makato ya mshahara: kabla ya kubishana, piga hesabu

1/ Kila mdahalo ni yale yale: huyu anasema makato yamezidi, yule anasema yanatusaidia. Sawa, lakini kwako nyumbani inakuwaje?

2/ Chukua mshahara wa 40,000. SHIF 2.75% ni 1,100. Ushuru wa nyumba 1.5% ni 600. NSSF 6% ni 2,400. Hiyo ni 4,100, na PAYE bado.

3/ Kwa hivyo usipange mwezi na 40,000. Panga na ile inafika kwa akaunti.

4/ Sheria ya ajira inasema mwajiri asikate zaidi ya theluthi mbili ya mshahara, mkopo wa sacco ukiwemo. Imepita? Uliza.

5/ Akikuahidi atapunguza makato, muulize: gani, asilimia ngapi, na pengo atajaza na nini?