Je, Aliyekiri Kughushi Aweza Kukata Rufani?

Likizo iliyopita mjomba wangu alifungwa na mahakama ya wilaya kwa kosa la kughushi. Alikuwa ametia sahihi ya ndugu yake katika karatasi ya kupokelea fedha za kahawa. Aliposomewa mashitaka alijibu, "Ni kweli, niliandika." Nyumbani wote walisema kwamba kwa kuwa amekiri, hapana rufani tena. Nami nilisema vivyo hivyo, kisha nikaona haya nilipoisoma sheria.

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya Tanzania humkataza aliyekiri kukata rufani, ila juu ya ukubwa wa adhabu au uhalali wake. Hilo peke yake si dogo, maana kughushi kwa kawaida kwaweza kuleta kifungo cha miaka 7. Lakini mlango haukufungwa wote. Mwaka 1983 Mahakama Kuu ilitaja nafasi nne: kukiri kulikuwa nusu nusu au kwa maneno ya utata, mshitakiwa alikiri kwa kukosea au kutoelewa, hati ya mashitaka haikuonyesha kosa lijulikanalo katika sheria, au mambo aliyoyakubali hayatoshi kumtia mtu hatiani.

Sasa tazama neno kughushi. Si kuandika jina la mwingine tu, bali ni kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya. Mjomba husema ndugu yake ndiye aliyemtuma amwandikie. Ikiwa ndivyo, basi alikiri kalamu, hakukiri nia. Ndiyo sababu mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliagiza kwamba mshitakiwa aelezwe kila sehemu ya kosa kwa lugha aijuayo, na jibu lake liandikwe, kadiri iwezekanavyo, kwa maneno yake mwenyewe. Kisha asomewe habari za kesi, aulizwe kama azikubali.

Siku nazo zina hesabu: taarifa ya kukata rufani ndani ya siku 10, na hati ya sababu ndani ya siku 45, pasipo kuhesabu muda wa kungojea nakala ya kesi. Aliye gerezani humpa mkuu wa gereza, naye huzipeleka.

Mkaza mjomba aliniuliza, "Akishinda, atarudi?" Nilimjibu kwamba huenda asomewe mashitaka upya. Taarifa ilipelekwa siku ya 9. Sasa twangojea nakala.