Ardhi Ikishatitia

Mashariki ya Houston, katika mji wa Baytown, jimbo la Texas, kuna hifadhi ya ndege ambamo barabara ya lami inashuka taratibu na kuishia majini. Si mafuriko ya jana yaliyoikata. Barabara hiyo ni mabaki ya mtaa ulioitwa Brownwood, ulioanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwenye rasi yenye mwinuko wa mita 3 hivi kutoka usawa wa bahari. Ulikuwa mtaa wa watu wenye nafasi, wengi wao wa viwanda vya mafuta vya karibu: nyumba zikitazama ghuba, gati za mashua, upepo mwanana jioni. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970, ardhi ya Brownwood ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya mita 2.4. Kimbunga Carla cha mwaka 1961 kiliingiza maji hadi sebuleni. Baadaye barabara ya pembezoni ikainuliwa iwe tuta, pampu zikawekwa, na maisha yakaendelea kwa wasiwasi. Agosti 1983 Kimbunga Alicia kikaja, na baada yake hakuna aliyerudi kuishi pale. Leo wenyeji ni korongo na mwari.

Bahari haikupanda mita 2.4. Nchi kavu ndiyo iliyoshuka, na kilichoishusha ni visima.

Kuelewa jinsi kisima kinavyoweza kuzamisha mtaa, ni lazima kushuka chini ya Houston kwenyewe. Huko hakuna jabali hadi mbali sana. Kuna mchanga na changarawe, kisha udongo wa mfinyanzi, kisha mchanga tena, tabaka juu ya tabaka, mashapo ya mito iliyokuwa ikimiminika kwenye Ghuba ya Meksiko kwa mamilioni ya miaka. Maji ya visima hutoka kwenye mchanga, hasa katika matabaka mawili yanayoitwa Chicot na Evangeline. Mchanga wenyewe hauna neno. Punje zake ni ngumu na zimeegemeana. Maji yakitoka zinabaki zilipo, yakirudi zinayapokea. Shida ni mfinyanzi. Chembe zake ni bapa, zimekaa shaghalabaghala kama sahani zilizotupwa kwenye karai, na maji yaliyo katikati ya sahani hizo husaidia kubeba uzito wa kila kilicho juu yake. Pampu zinapopunguza shinikizo la maji kwenye mchanga, maji ya mfinyanzi huanza kuchuruzika kuelekea huko, polepole, kwa miaka. Sahani zinalala, zinapangana, zinabanana. Zikishabanana, hata gharika ya Nuhu haiwezi kuzitenganisha.

Hapa ndipo tofauti kati ya kisima kilichokauka na ardhi iliyotitia inapoonekana. Kisima kinaweza kujaa tena. Ardhi iliyotitia, isipokuwa kwa kiasi kidogo mno, hairudi.

Dalili za kwanza zilionekana mapema. Kuanzia mwaka 1917, kwenye visima vya mafuta vya Goose Creek, papo hapo Baytown, ardhi ilianza kubonyea kadiri mafuta, maji na mchanga vilivyotolewa. Miaka michache baadaye rasi nzima ilikuwa imemezwa na maji. Jimbo la Texas likaenda mahakamani likidai kwamba ardhi iliyo chini ya bahari ni mali ya umma. Wenye visima wakajitetea kwamba haikuzama kwa nguvu za asili, wao wenyewe ndio walioizamisha kwa kuchimba. Wakashinda. Wanajiolojia wawili waliandika habari hiyo mwaka 1926, na jambo likawekwa kabatini.

Baadaye ikaja kiu ya viwanda. Mkondo wa meli wa Houston ulikuwa umefunguliwa mwaka 1914, na baada ya vita vya pili vya dunia kingo zake zilijaa mitambo ya kusafisha mafuta na ya kemikali, kila mmoja ukihitaji maji mengi ya kupozea. Mji wenyewe ulikuwa umeonja maji ya visima tangu miaka ya 1880 na kuyapenda: safi, karibu, rahisi. Sheria nayo iliruhusu. Mwaka 1904 Mahakama Kuu ya Texas ilikuwa imeamua kesi ya kampuni ya reli iliyochimba kisima na kukikausha kisima cha jirani. Uamuzi ulikuwa kwamba mwenye ardhi anaweza kuvuta maji yaliyo chini yake kadiri awezavyo, na jirani hana dai. Kanuni hiyo inaweza kueleweka mtu akidhani kwamba maji ya chini yamekaa katika vyumba vyenye kuta, kila mtu na chake. Kumbe chini hakuna kuta. Pampu ya mji wa Pasadena ilikuwa ikishusha nyumba za Baytown.

Hadi mwaka 1979, mahali palipoathirika zaidi palikuwa pameshuka karibu mita 3, na eneo la takriban kilomita za mraba 8,300 lilikuwa limeshuka kwa zaidi ya sentimita 30. Hata uwanja wa vita wa San Jacinto, ambapo Texas ilijipatia uhuru kutoka Meksiko mwaka 1836, ulipoteza hekta 40 hivi kwa maji. Jimbo linalojivunia historia yake kiasi kile lilikuwa likiizamisha kwa mkono wake.

Mwaka 1975 Bunge la Texas likaunda mamlaka ya kudhibiti kutitia kwa ardhi katika kaunti za Harris na Galveston, ya kwanza ya aina yake nchini Marekani. Uwezo wake ni wa kushangaza kwa udogo. Haimiliki maji, haina bwawa, haiuzi hata ndoo moja. Inachoweza ni kutoa vibali vya kuvuta maji, kudai mita kwenye visima, kutoza ada na kuweka kiwango. Mwenye ardhi anabaki na maji yake. Mamlaka inashika koki.

Koki, hata hivyo, haiwezi kufungwa kabla ya maji mengine kufika. Kwa bahati, maji hayo yalikuwa yameanza kutafutwa zamani. Bwawa la Lake Houston kwenye mto San Jacinto lilikamilika mwaka 1954. Lake Livingston, kwenye mto Trinity upande wa mashariki, lilikamilika mwaka 1969, na mji wa Houston una haki ya asilimia 70 ya maji yake. Lake Conroe likafuata mwaka 1973. Katikati ya muongo huo maji ya Trinity yalifikishwa kwa mfereji hadi viwanda vya mkondo wa meli, na viwanda vikaanza kuviacha visima. Chini ya ardhi mambo yakabadilika: kina cha maji katika visima vya mashariki kimepanda kwa zaidi ya mita 60 tangu miaka hiyo, na kutitia kwa upande ule karibu kumekoma.

Haya hayasemwi kwa kukisia. Wataalamu wa Shirika la Jiolojia la Marekani huchimba shimo refu hadi chini ya tabaka zinazobanana, na kusimamisha humo bomba la chuma lililoegemea msingi usiosogea. Bomba linabaki palepale. Ardhi inaposhuka kulizunguka, bomba huonekana kana kwamba linachomoza kutoka ardhini, na chombo kilichofungwa juu yake hupima tofauti hiyo kwa sehemu ndogo za milimita. Siku hizi vituo vya GPS vimesambazwa pia eneo zima.

Lakini wakati mashariki ikitulia, mji ulikuwa ukikua kuelekea kaskazini na magharibi. Mitaa mipya ya Katy, Jersey Village na Spring ilijengwa mbali na mabomba ya jiji. Kila mtaa ulijiundia mamlaka yake ndogo ya huduma, ukachimba visima viwili vitatu, ukajenga tangi, ukaanza kuuza maji. Mamlaka hizo zilifikia mamia. Kutitia kukahamia huko.

Mpango wa mwaka 1999 wa mamlaka ya kutitia uligawa eneo katika kanda tatu. Kanda ya pwani hairuhusiwi kupata zaidi ya asilimia 10 ya maji yake kutoka visimani, ya katikati asilimia 20. Kanda ya tatu, ya kaskazini na magharibi, ilipewa ngazi za kushuka, na baada ya marekebisho ya mwaka 2013 ngazi hizo ni hizi: visima visizidi asilimia 70 ya matumizi kuanzia 2010, asilimia 40 kuanzia 2025, asilimia 20 kuanzia 2035. Anayezidisha anatozwa ada iliyopangwa makusudi iwe kali kuliko gharama ya kununua maji ya mto.

Ni vipi mtaa wa nyumba 800, ulio kilomita 50 kutoka bwawani, utimize hayo? Peke yake hauwezi. Hapo ndipo penye akili ya mpango wote, na ndipo penye manung'uniko yake yote. Bunge liliunda mamlaka za maji za kimkoa, ya kwanza kaskazini mwa kaunti ya Harris mwaka 1999, ya magharibi mwaka 2001, kisha nyingine mbili mwaka 2005, mojawapo kaskazini mwa kaunti ya jirani ya Fort Bend. Mitaa inayojiunga huhesabiwa kama mteja mmoja. Tuseme ni mitaa kumi inayotumia maji sawasawa. Mitatu iliyo karibu na bomba kuu ikihamia kabisa kwenye maji ya mto, na saba ikabaki kwenye visima, kundi zima limepunguza asilimia 30, na sheria imeridhika. Hakuna haja ya kufukua kila barabara mara moja. Bomba linakwenda kwanza kule litakakopunguza uvutaji mwingi kwa gharama ndogo.

Bili nayo ni ya wote. Mama anayeishi katika mmoja wa ile mitaa saba analipia kila galoni inayotoka kwenye kisima cha mtaa wake, na fedha yake inajenga bomba ambalo huenda halitafika kwake kwa miaka mingi. Malalamiko yake yanastahili kusikilizwa kwa heshima. Jibu lake liko chini ya miguu yake: majirani wa mbali wanapoacha kuvuta, shinikizo linapanda hata chini ya nyumba yake. Kabla hajaona bomba, ameshaanza kupata kile anacholipia. Kasoro ni kwamba bidhaa hiyo haionekani kwa macho, na maafisa wengi wa maji wanaandika bili vizuri kuliko wanavyoeleza.

Yanayojengwa kwa fedha hizo si madogo. Mfereji na mabomba ya Luce Bayou, urefu wa kilomita 43 hivi, yametengenezwa ili kuhamisha maji ya mto Trinity hadi Lake Houston. Mtambo wa kusafisha maji wa kaskazini mashariki umepanuliwa kutoka uwezo wa lita milioni 300 kwa siku kuelekea lita bilioni 1.5, kwa gharama ya zaidi ya dola bilioni 1.7. Kuna pia mambo madogo ambayo mtu wa nje hayafikirii. Maji ya mto hutiwa kloramini, yaani klorini iliyochanganywa na amonia, ilhali visima vingi vilitiwa klorini tupu. Dawa hizo mbili zikikutana bila mpangilio hudhoofishana, kwa hiyo mtaa unaopokea maji ya mto na kubaki na kisima chake hulazimika kubadilisha dawa ya kisima pia.

Mpango huu una adui wake, naye yuko jirani kabisa. Kaunti ya Montgomery, kaskazini ya Harris, haimo katika mamlaka ya 1975. Nayo ilijiwekea ukomo wa kuvuta maji ya visima, na mwaka 2015 maji ya Lake Conroe yakaanza kusambazwa. Gharama zikapanda, mji wa Conroe na wengine wakafungua kesi, na mwaka 2018 bodi ya wasimamizi wa maji ya ardhini, ambayo sasa ilichaguliwa kwa kura, ikashikwa na watu walioahidi maji nafuu. Ukomo ukaondolewa. Kusini ya kaunti hiyo, sehemu za The Woodlands, ardhi bado inashuka. Mpaka wa kaunti umechorwa juu ya ardhi. Evangeline inapita chini yake bila kujua.

Si kwamba maji ya mto hayana hatari. Ukame wa mwaka 2011 ulishusha mabwawa ya Texas vibaya. Mkazi wa Dar es Salaam aliyepitia mgao wa Oktoba 2022, mto Ruvu uliposinyaa, anajua maana ya mji kutegemea mto. Ndiyo maana visima vya Houston havifukiwi. Katika asilimia 10 au 20 iliyobaki, na katika siku ya dharura, bado vina kazi, na vikipumzishwa miaka mingi vinakuwa na maji ya kutosha pale mto unapopungua.

Magharibi, kuelekea Katy na Fort Bend, bomba kuu linalotoka upande wa Lake Houston limechukua miaka mingi kupimwa, kununuliwa njia na kufukiwa. Huko kuna sehemu zilizokuwa zikishuka zaidi ya sentimita 2 kwa mwaka. Mfinyanzi wa eneo hilo utaendelea kutoa maji yake kwa muda hata baada ya pampu kupunguzwa, kwa sababu tabaka nene huchelewa kupata habari za kilichotokea kwenye mchanga. Kwa hiyo mafundi wanaosoma vipimo vya GPS leo wanasoma, kwa sehemu, maji yaliyovutwa miaka iliyopita.