Kivuli Kikiwa Kifupi Kuliko Mwenyewe

Dereva wa daladala ninayoipanda asubuhi ana mashavu mawili yasiyofanana. La kushoto, linaloelekea abiria, ni laini kama la kijana. La kulia, la upande wa dirisha, limekoza weusi wa madoadoa, na mikunjo imejaa pembeni mwa jicho. Mwenyewe anasema ni uzee. Uzee gani huo unaochagua shavu?

Mwaka 2012 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa lori wa Marekani mwenye umri wa miaka 69, aliyekuwa ameshika usukani kwa miaka 28. Yeye shavu lililochakaa lilikuwa la kushoto, maana kwao dereva huketi kushoto. Kwetu usukani uko kulia, na jua linafuata usukani. Kioo cha pembeni huzuia sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno inayounguza ngozi juujuu, lakini ile inayozama ndani zaidi hupenya. Ndiyo maana dereva hahisi kuungua, na ndiyo maana hashtuki.

Tumelelewa tukiamini kuwa ngozi nyeusi haina habari na jua. Imani hiyo ina ukweli wake. Melanini, ile rangi tuliyozaliwa nayo, ni mwamvuli wa kweli. Vipimo vya mwishoni mwa miaka ya 1970 vilikadiria kuwa ngozi nyeusi hujikinga takriban mara nne kuliko nyeupe. Lakini mwamvuli hulowa. Sisi pia tunaungua, ila wekundu hauonekani, na madhara huja kwa sura nyingine: madoa mashavuni, uso wenye rangi mbili, kovu la chunusi lisilokwisha. Tena madoa hayo kwa watu weusi hayaletwi na urujuanimno peke yake. Hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho huyakoleza.

Kipimo cha hatari tunacho miguuni. Simama uwanjani utazame kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, jua bado ni la chini. Kikiwa kifupi kuliko wewe, limeshavuka nusu ya safari ya kwenda utosini na mionzi imekuwa mikali. Kwa Dar es Salaam, mwezi Machi, hiyo ni kuanzia kama saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na katika wiki ya pili ya Oktoba, jua la adhuhuri husimama utosini kabisa, kivuli kikapotea chini ya nyayo. Wingu nalo lisikudanganye: likiwa jepesi, mionzi kwa sehemu kubwa inapita.

Rahisi kuandika hivyo ukiwa ofisini. Nilimweleza shangazi yangu wa Jambiani habari za kivuli, naye analima mwani tangu nikiwa mdogo. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akasema: "Mwanangu, mimi nafuata maji, sifuati saa." Sikuwa na jibu. Mwani hushughulikiwa maji ya bamvua, na huku kwetu maji ya bamvua hupwa mbali asubuhi, kama saa nne hivi. Bahari inamfungulia shamba saa ileile kivuli kinapoanza kuwa kifupi. Hana la kuchagua.

Alichonacho ni mavazi, na hapo yeye ndiye aliyekuwa mwalimu. Pama la ukili lenye ukingo mpana, kanga iliyofunika shingo na masikio, blauzi ya mikono mirefu, soksi miguuni. Mchanga mweupe na povu la bahari hurudisha mionzi kutoka chini, kwa hiyo kofia peke yake haitoshi. Kidevu na chini ya pua huchomwa vilevile. Nguo nazo si zote. Fulana nyeupe nyembamba ya pamba huruhusu kiasi cha sehemu moja kati ya saba ya mionzi kupita, na ikilowa huruhusu hata theluthi moja. Jinzi ya mtumba, nzito na ya rangi iliyokoza, haipitishi karibu chochote. Hayo shangazi hajayasoma popote, lakini jinzi ya mwanawe ndiyo anayoivaa ndani ya kanga.

Usoni hupaka liwa, ile aliyosugua mwenyewe juu ya jiwe kwa maji ya mawaridi. Jirani zetu wa Komoro hupaka msinzano wao hadi barabarani, mchana kweupe, na wanasema wazi kwamba ni kwa ajili ya jua. Mimi siwezi kuapa kuwa liwa inatosha kwa kazi ya saa tatu baharini. Naweza kuapa kuwa mafuta ya mgando hayatoshi. Tunawasiliba watoto mafuta mpaka wanang'aa, tukidhani tumewakinga. Mafuta hayo hufungia unyevu, na ni dawa nzuri ya ngozi inayopauka wakati wa kipupwe, lakini jua hayalizuii.

Krimu ya jua yenyewe niliwahi kuinunua. Nikatoka nyumbani kama mtu aliyeanguka katika pipa la unga. Weupe huo hutokana na madini ya zinki au titani, na wengi wetu huacha hapo. Zipo zilizotiwa rangi ya kahawia kwa oksidi ya chuma, na hizo hupunguza pia ule mwanga wa kawaida unaokoleza madoa. Chagua yenye kinga ya 30 au zaidi, upake ya kutosha vidole viwili kwa uso na shingo, urudie kila baada ya saa mbili. Ukipaka kidogo kwa kubana matumizi, ile 30 ya kwenye chupa huipati.

Kwa watu wenye ualbino krimu si urembo. Hawana ule mwamvuli, na saratani ya ngozi huwakuta wakiwa bado vijana. Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, hutengenezwa krimu iitwayo Kilisun kwa ajili yao. Kwao chupa ikichelewa, kinachochelewa ni dawa.

Halafu kuna sisi tuliopewa mwamvuli tukaamua kuutoboa. Mkorogo wenye haidrokwinoni au zebaki huzuia ngozi kutengeneza melanini. Ni sawa na kung'oa makuti ya paa ili nyumba ipate mwanga. Mwanga unapatikana, na mvua pia. Weusi wa vifundo vya vidole na vidonda visivyopona huanza hapo.

Jua silo peke yake, bila shaka. Mama lishe anayeketi miezi na miezi karibu na jiko la mkaa hupata madoa yenye mchoro wa wavu kwenye miguu, kwa joto tu, bila kuungua hata siku moja. Kusogeza kigoda nyuma kidogo kunasaidia zaidi ya losheni yoyote.

Wiki iliyopita nilipita Kariakoo kumnunulia dereva wangu ile mikono ya kitambaa wanayovaa vijana wa bodaboda. Ilikuwa saa saba. Machinga aliyeniuzia alikuwa katikati ya jua, kifua wazi, kivuli chake kimejikunja chini ya kandambili. Nikamuuliza mbona yeye hajavaa hata jozi moja.

"Bosi," akanijibu, "nikivaa si zitakuwa mtumba?"