Je, Wajua? Mtaji Hauteremki Kama Maji

Mwanafunzi wa uchumi hufundishwa mapema kwamba mtaji ni kama maji: hutoka palipojaa, hushuka palipo pakavu. Nchi tajiri ina mashine tele, hivyo mashine moja zaidi haiongezi kitu kikubwa. Nchi maskini ina chache, hivyo hiyo moja italeta faida nono. Kwa hesabu hiyo, fedha za London na New York zingekuwa zinamiminika kwa maskini mchana na usiku. Watafiti waliofuata nyayo za fedha hizo kutoka nchi hadi nchi walikuta mambo mengine.

Je, wajua kwamba hesabu ya vitabuni iliipa India faida ya mara 58?
Mwaka 1990, Robert Lucas wa Chuo Kikuu cha Chicago aliandika makala fupi akiuliza: kwa nini mtaji hautoki kwa matajiri kwenda kwa maskini? Aliichukua kanuni ya vitabuni, akailinganisha India na Marekani, akapata kwamba mtaji mpya India ungezalisha mara 58 ya ule wa Marekani. Ingekuwa kweli, nani angeiacha dola yake ilale Chicago? Lucas mwenyewe hakuiamini 58 hiyo. Alitaka kuonyesha kwamba kanuni imesahau mambo, ukiwemo ujuzi wa watu, kwani cherehani bila fundi ni chuma tu. Wachumi wanaliita swali hilo kitendawili cha Lucas, na mpaka leo kila mmoja ana jibu lake.

Je, wajua kwamba mtaji huogopa ugenini?
Kila mshauri wa fedha atakuambia utawanye mali yako, nchi moja ikiyumba nyingine ikushike. Mwaka 1991, wachumi Kenneth French na James Poterba walichungulia watu wanafanya nini hasa. Wamarekani walikuwa wameweka takriban asilimia 94 ya fedha zao za hisa katika kampuni za kwao, Wajapani asilimia 98, Waingereza asilimia 82. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Woga huo haukomei mpakani. Mwaka 2001, Gur Huberman alitoa utafiti kuhusu kampuni za simu za kimkoa za Marekani, zilizozaliwa baada ya kampuni kubwa ya AT&T kuvunjwa mwaka 1984. Kampuni hizo zilifanana kama mayai, na hisa za yoyote kati yake zingeweza kununuliwa popote nchini. Hata hivyo, watu walielekea kununua hisa za ile iliyowaletea bili ya simu kila mwezi.

Je, wajua kwamba fedha hazina uzito, lakini huchoka njiani?
Shehena ya saruji ikienda mbali, nauli hupanda, hilo linaeleweka. Hisa ni tarakimu tu, hazihitaji meli wala lori. Wachumi Richard Portes na Hélène Rey walipochunguza biashara ya hisa kati ya nchi 14 kwa miaka ya 1989 hadi 1996, walikuta kwamba umbali unaipunguza biashara hiyo vilevile. Kilichosaidia kueleza tofauti ni mambo kama wingi wa simu zinazopigwa baina ya nchi mbili na matawi ya benki ambayo nchi moja inayo kwa mwenzake. Kumbe fedha husafiri pale habari zilipokwisha kufika.

Je, wajua kwamba sarafu ya marehemu ilitamba pwani yetu?
Maria Theresa, malkia wa Austria, alifariki mwaka 1780. Sarafu yake ya fedha iliendelea kufuliwa miaka mingi baadaye, siku zote ikiwa na sura yake na mwaka uleule wa 1780, kwa sababu wafanyabiashara wa Uhabeshi, Uarabuni na Bahari ya Shamu walikuwa wameizoea na kuiamini. Zanzibar nayo iliipokea, na watu wakaihesabu kwa jina la reale.

Mji huohuo ulikuwa na mabenki yake kabla ya benki. Wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja waliwakopesha wenye misafara vitambaa, shanga na bunduki, nao wakaelekea Tabora na Ujiji, deni lije kulipwa kwa pembe za ndovu. Mmoja wao, Taria Topan, ndiye aliyempa Tippu Tip, mwenye misafara maarufu, mtaji wa safari zake. Mkopeshaji alibaki barazani, mkopaji akapotelea bara miaka kadhaa, na kilichowaunganisha ni jina la mtu na daftari. Tusisahau kwamba njia hizohizo zilipitisha pia watumwa.

Je, wajua kuna uwekezaji hewa?
Tumezoea kusikia habari za wafanyakazi hewa. Mwaka 2019, wachumi wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, na mwenzao wa Chuo Kikuu cha Copenhagen walieleza kwamba karibu asilimia 40 ya uwekezaji wa moja kwa moja duniani, kama dola trilioni 15, hupitia kampuni zenye anwani na mhuri bila kiwanda wala kibarua. Luxembourg, nchi ya watu wapatao 600,000, ilikuwa imeandikishiwa uwekezaji wa dola trilioni 4, sawa na Marekani nzima. Ukigawanya, kila mkazi, hata mtoto wa chekechea, anapata zaidi ya dola milioni 6.6.

Karibu na kwetu, kisiwa cha Morisi kilikaa miaka mingi kileleni mwa orodha ya wawekezaji nchini India. Siri yake ilikuwa mkataba wa kodi wa mwaka 1982, ambao India iliufanyia marekebisho mwaka 2016.

Je, wajua kwamba dunia inadaiwa zaidi ya inavyodai?
Deni la mmoja ni mali ya mwingine. Kwa hiyo ukijumlisha vitabu vya nchi zote, madeni na mali vinapaswa kulingana. Havilingani: madeni yanazidi, utadhani tunadaiwa na Mirihi. Mwaka 2013, mchumi Gabriel Zucman alieleza sababu. Mfaransa akiweka hisa za Marekani katika akaunti ya siri Uswisi, Marekani huandika kwamba mgeni anaidai. Uswisi haiandiki, kwa kuwa si mali yake. Ufaransa nayo haiandiki, kwa kuwa haina habari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kutokana na pengo hilo Zucman alikadiria kwamba takriban asilimia 8 ya mali ya kifedha ya kaya duniani imewekwa katika nchi za kukwepea kodi.

Je, wajua kwamba Afrika iliyoitwa mdaiwa huenda ndiyo mdai?
Léonce Ndikumana, mchumi mzaliwa wa Burundi, na mwenzake James Boyce walizichukua nchi 25 za Afrika kusini mwa Sahara kwa miaka ya 1970 hadi 1996. Waliandika fedha zote zilizoingia, wakatoa zile ambazo matumizi yake yanaonekana, wakarekebisha na ankara za biashara zilizopotoshwa. Kilichobaki bila maelezo ndicho kilichotoroka: zaidi ya dola bilioni 193. Ukiongeza riba ni bilioni 285, wakati madeni ya nchi hizo yalikuwa bilioni 178. Tofauti ni kwamba deni ni la umma wote, na mali iliyoko nje ni ya wachache.

Je, wajua kwamba kauli moja ya Washington huitikisa Jakarta?
Mei 2013, Ben Bernanke, mkuu wa Benki Kuu ya Marekani, aliliambia Bunge la nchi yake kwamba huenda benki ikapunguza ununuzi wa hatifungani. Hakupunguza siku hiyo, alidokeza tu. Wawekezaji, wakitarajia riba kupanda Marekani, wakaanza kuondoa fedha zao ugenini, na sarafu za Brazili, India, Indonesia, Uturuki na Afrika Kusini zikaporomoka, ingawa kwao hakuna aliyekuwa ametamka neno.

Je, wajua ni fedha zipi huja mvua zikigoma?
Mwaka 2024, Wakenya walioko ughaibuni walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, kupita mapato ya chai na kahawa kwa pamoja. Haba na haba hujaza kibaba. Ila ajabu kubwa iko katika majira yake. Wachumi Dean Yang na HwaJung Choi walizifuatilia kaya za Ufilipino zenye ndugu nchi za nje, wakalinganisha mvua na mapato. Kila kipato cha kaya kilipoanguka kwa sababu ya hali ya hewa, fedha kutoka nje ziliongezeka, zikaziba takriban asilimia 60 ya pengo.

Mwekezaji akisikia ukame, huuza na kuondoka. Ndugu aliyeko nje husikia ukame kwa simu ya mama yake, na kesho yake yuko kwa wakala, anatuma.