Kuwaajiri na Kuwadumisha Watatuzi wa Matatizo wa Kuaminika katika Timu Zinazofanya Kazi kwa Mbali

Ofisini, msimamizi humwona mfanyakazi anavyohangaika na tatizo. Kazi inapofanywa kwa mbali, anachokiona zaidi ni maandishi: taarifa zilizotumwa, maswali yaliyoulizwa na makosa yaliyokiriwa. Sehemu hii inafafanua kuwa uaminifu wa mtatuzi wa matatizo hupimwa kwa kazi yake, na hudumu kutegemea namna mwajiri anavyoyapokea makosa.

Kuhusu kuajiri, Schmidt na Hunter (1998) walijumuisha matokeo ya tafiti za miaka 85. Uwiano baina ya jaribio la kazi halisi na utendaji wa baadaye ulikuwa 0.54, ilhali ule wa miaka ya uzoefu ulikuwa 0.18 pekee. Sackett na wenzake (2022) walionesha kwamba makadirio mengi ya awali yalizidishwa; kwao, usaili wenye maswali yaliyopangwa ulipata 0.42 na jaribio la kazi 0.33. Licha ya tofauti hizo, tafiti zote mbili zinaafikiana kuwa miaka ya uzoefu ni kiashiria dhaifu.

Kuhusu kudumisha, tukio la GitLab, kampuni ambayo wafanyakazi wake hufanya kazi kwa mbali, ni mfano mwafaka. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wake mmoja alifuta data za hifadhidata kuu akidhani yumo katika seva nyingine. Ilibainika pia kuwa taratibu za nakala rudufu zilizotegemewa hazikuwa zikifanya kazi ipasavyo, na data za takriban saa 6 zikapotea. Kampuni iliutangazia umma hatua za urejeshaji zikiendelea, kisha tathmini yake ikachunguza kasoro za mfumo badala ya kumtwisha mtu mmoja lawama.

Edmondson (1999), aliyechunguza timu 51 katika kampuni ya utengenezaji bidhaa, alibaini kuwa usalama wa kisaikolojia huambatana na tabia ya kujifunza, ikiwamo kuyajadili makosa. Ingawa timu hizo hazikuwa za mbali, hoja yake ina uzito zaidi pale ambapo kosa lisiposemwa halionekani.

Hivyo basi, mwajiri anayeadhibu kosa lililokiriwa huwafundisha wafanyakazi wake kunyamaza. Wakweli huondoka, wanaobaki ni mahiri wa kuficha, naye hugundua tatizo likiwa limekwishaleta hasara.